Mwalimu mpya wa Kiingereza na simu yake: vyanzo vya bure vinavyofaa hata Ivuna

Kila mwaka walimu wapya hupangiwa vituo vya kazi katika mkoa wetu wa Songwe, na wapo wanaopangiwa Momba bila kuwahi kuliona bonde la Ziwa Rukwa. Anayefika Ivuna kufundisha Kiingereza hukutana na darasa kubwa, vitabu visivyotosha na watoto ambao wakitoka shuleni hawasikii Kiingereza tena hadi kesho yake. Mwenzake wa kumuuliza anaweza kuwa mmoja tu, au asiwepo kabisa.

Lakini mfukoni ana simu. Katika makala hii tunaeleza ni mambo gani ya bure anaweza kuyapata kupitia simu hiyo, kila kimoja kinafaa kwa kazi gani, na afanye nini siku bando limekwisha au mtandao umekatika. Tumewaandikia walimu wapya, ila mzazi mwenye mtoto shuleni naye asiiache. Mwishoni kuna sehemu yake.

Kwa nini jambo hili ni zito

Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya masomo yake. Akifika kidato cha kwanza mambo hugeuka. Biolojia, Fizikia, Jiografia na Hisabati vyote huandikwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anaongoza darasa la saba anaweza kukaa kimya mwaka mzima. Anajua jinsi mmea unavyokua kwa sababu analima na wazazi wake, lakini hajui maneno ya kulijibu swali.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi amebeba zaidi ya somo lake. Akiteleza yeye, mwalimu wa Biolojia wa sekondari ataona matokeo yake miaka michache baadaye. Ndiyo maana tunasema bando la mwalimu huyu likitumika vizuri, faida yake inafika mbali.

Anza na vya nyumbani

Walimu wengi wakitafuta msaada mtandaoni hukimbilia tovuti za nje. Sisi tunashauri kuanza na taasisi zetu wenyewe, kwa sababu ndizo zinazofuata mtaala unaofundisha na mtihani utakaowafanyisha watoto.

Ya kwanza ni Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Kupitia tovuti yake ya tie.go.tz utafika kwenye maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, pamoja na mihtasari ya masomo. Hili ni muhimu zaidi sasa, kwa kuwa mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, na vitabu vya zamani vilivyo kabatini vinaweza visilingane na muhtasari wa darasa lako. Kabla hujaandaa azimio la kazi, hakikisha umesoma muhtasari wa sasa.

TET pia ina mfumo wa kujifunzia mtandaoni kwa ajili ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Katika mpango huu walimu husoma moduli, kisha hukutana shuleni kwenye jumuiya za kujifunza na kujadili namna ya kuzitumia darasani. Mwalimu mpya asiusubiri mpango huu umfuate. Amuulize mwalimu mkuu jumuiya ya shule hukutana lini, na kama haikutani, aombe ianze hata na watu watatu.

Ya pili ni Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Wengi wetu tunaijua tovuti ya necta.go.tz siku ya matokeo tu. Lakini humo kuna hazina ambayo mwalimu mpya hapaswi kuikosa: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi huchukua mtihani swali kwa swali, zikaeleza watoto walijibu vipi, walikosea wapi na kwa sababu gani, na mara nyingi huweka mfano wa jibu zuri na wa jibu baya. Ukisoma taarifa moja ya Kiingereza cha darasa la saba au kidato cha pili, utajua mapema watoto wa nchi nzima wanaangukia wapi. Hapo hutafundisha kwa kubahatisha. Taarifa hizi ni mafaili ya PDF. Pakua moja mara moja, itakutosha muhula mzima.

Kiingereza cha mwalimu mwenyewe

Tuseme jambo ambalo walimu wengi hulisema kwa kunong'ona. Mwalimu mpya mara nyingi hana uhakika na Kiingereza chake mwenyewe. Amefaulu, ana cheti, lakini hajui kama anavyolitamka neno ndivyo linavyotamkwa. Hilo si aibu. Aibu ni kuliacha hivyo hivyo wakati watoto sitini wanakuiga.

Kwa matamshi, msaada wa haraka ni kamusi za bure za mtandaoni, hasa Cambridge Dictionary na Oxford Learner's Dictionaries. Andika neno, bonyeza alama ya spika, utalisikia likitamkwa kwa namna ya Uingereza na ya Marekani. Kazi hiyo haili bando kubwa. Jiwekee utaratibu: kila unapoandaa somo, chagua maneno matano mapya ya somo hilo, yasikilize, yarudie kwa sauti mara tatu, ndipo uingie darasani. Kwa wiki ya siku tano hayo ni maneno 25, na kwa muhula ni mamia.

Angalia hasa maneno yanayotusumbua kutokana na lugha zetu za nyumbani. Wapo wanaochanganya sauti ya r na ya l, ikawa mtu anataka kusema "rice" akasema "lice". La kwanza ni wali, la pili ni chawa. Wapo pia wasiotofautisha "ship" na "sheep", meli na kondoo. Kamusi yenye sauti inamaliza ubishi huo bila kumwaibisha mtu mbele ya wanafunzi.

Kwa usikivu, sisi watu wa redio tuna upendeleo wetu. BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, na kazi hiyo inaendelea hadi leo kwa jina la BBC Learning English. Kipindi chake kiitwacho 6 Minute English kina urefu wa dakika sita kama jina linavyosema. Watangazaji wawili huzungumza juu ya jambo moja la kila siku, wakaeleza maneno sita mapya. Maandishi ya mazungumzo yote yanapatikana pamoja na sauti. Sikiliza mara ya kwanza bila kusoma, mara ya pili ukiwa na maandishi, mara ya tatu bila maandishi tena. Mara ya tatu utashangaa masikio yako yamefunguka kiasi gani.

Sauti ya Amerika, VOA, nayo ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi: msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na usomaji wa polepole. Mwezi Machi 2025 shughuli za VOA zilisimamishwa na serikali ya Marekani, kwa hiyo usikitegemee kwa habari mpya. Lakini kama una rafiki mwenye masomo yale ya zamani kwenye simu au flashi, yachukue. Somo la kusoma polepole halichachi.

Namna ya kufundisha

Kujua Kiingereza na kujua kukifundisha ni mambo mawili. Kwa hili la pili kuna tovuti mbili tunazozipendekeza.

TeachingEnglish ya British Council, teachingenglish.org.uk, imetengenezwa kwa ajili ya walimu. Ina maandalio ya masomo kwa ngazi mbalimbali, michezo ya darasani, na makala fupi kuhusu mambo kama kufundisha darasa kubwa au kumsaidia mwanafunzi anayeogopa kuzungumza. Onyo letu ni moja: baadhi ya maandalio yanadhani kila mwanafunzi ana karatasi iliyochapwa na darasa lina projekta. Chukua wazo, acha vifaa. Zoezi lililoandikwa kwa karatasi 30 linaweza kuandikwa ubaoni mara moja. Picha ya duka la London unaweza kuibadilisha ikawa gulio la kwenu, na kwa kweli watoto watakuwa na mengi zaidi ya kusema juu ya gulio.

TESSA, tessafrica.net, iko karibu zaidi na mazingira yetu. Ni mradi ulioanza mwaka 2005, ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Umeandikwa kwa kuzingatia shule za Afrika kusini mwa Sahara, na una matoleo ya Kiswahili. Kila sehemu hueleza mbinu, hutoa mfano wa mwalimu aliyeitumia, kisha hukupa shughuli ya kufanya na watoto wako. Mwalimu asiyetaka kupigana na Kiingereza kigumu cha vitabu vya ualimu ataelewa hapa kwa haraka.

Hadithi za kusoma

Mtoto hajui kusoma lugha kwa kusoma sheria zake tu. Anahitaji kusoma hadithi nyingi, fupi, zinazomhusu. Vitabu hivyo shuleni ni adimu, lakini kwenye simu vipo.

African Storybook, africanstorybook.org, ni mradi wa Afrika Kusini ulioanza kutoa hadithi mwaka 2014. Hadithi zake ni za Kiafrika, zina picha, zimepangwa kwa ngazi kuanzia neno moja kwa ukurasa hadi aya nzima. Nyingi zipo kwa Kiingereza na pia kwa Kiswahili. Hapo pana njia nzuri: siku ya kwanza wasomee watoto hadithi kwa Kiswahili, siku ya pili waisome ile ile kwa Kiingereza. Maana wanayo tayari, wanachotafuta ni maneno tu. Tena leseni yake iko wazi. Unaruhusiwa kupakua, kunakili kwa mkono kwenye manila, kuchapa, hata kutafsiri hadithi kwa lugha nyingine.

Kwa watoto wadogo wapo pia Ubongo, shirika la Dar es Salaam lenye vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me. Nyimbo zao hufaa kufundisha namba, rangi na salamu. Si lazima darasa litazame video. Mwalimu aujifunze wimbo nyumbani, kesho yake auimbe na watoto chini ya mti.

Kwa sekondari, Shule Direct, jukwaa la Kitanzania, lina nukuu na maswali ya masomo kulingana na mtaala wa hapa nchini. Ni msaada mzuri kwa mwalimu anayeandaa marudio.

Mtandao ukisumbua

Hapa ndipo wengi hukwama. Kuna siku mawasiliano yanakuwa ya kupanda kichuguu, na kuna siku bando halipo. Kanuni yetu ni hii: usiandae somo linalohitaji mtandao wakati wa kipindi. Mtandao ni wa kuandalia, ubao ni wa kufundishia.

Maandishi hutumia data kidogo kuliko vyote. Sauti hufuata. Faili la sauti la dakika sita kwa kawaida halizidi MB 10. Video ndiyo mlafi. Kwa hiyo kama kitu kipo kwa maandishi na kwa video, chukua maandishi.

Siku unapokwenda Tunduma au Vwawa kwa shughuli nyingine, nenda na orodha ya vitu vya kupakua. Tumia mahali penye Wi-Fi, au bando la usiku kama mtandao wako unalo. Programu iitwayo Kiwix hukuwezesha kuhifadhi Wikipedia kwenye simu na kuisoma bila mtandao kabisa. Tafuta toleo la Wikipedia la Kiingereza rahisi, ambalo ni dogo na sentensi zake ni nyepesi. Bado ni faili kubwa, hivyo hakikisha kadi ya simu ina nafasi.

Ukishapakua, usikae nacho peke yako. Walimu wa shule mbili au tatu za jirani wanaweza kugawana kazi: mmoja apakue hadithi, mwingine taarifa za NECTA, mwingine sauti. Wakikutana wabadilishane kwa Bluetooth au kwa flashi, bila kutumia hata MB moja.

Somo moja, kutoka simu hadi ubaoni

Tuoneshe kwa mfano. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe kutoka angani lilianguka Ivuna. Mabaki yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa gramu 700 hivi, chini ya kilo moja ya sukari. Leo wanasayansi wa dunia nzima wanalijua jina la Ivuna kwa sababu ya jiwe hilo. Kundi zima la vimondo vya aina yake huitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Kipande kikubwa kipo katika jumba la makumbusho la historia asilia, London. Vumbi ambalo chombo cha Japani kilileta mwaka 2020 kutoka kwenye kisayari Ryugu lilipochunguzwa, lilionekana kufanana na vimondo vya kundi hilo.

Wikipedia ya Kiingereza ina ukurasa juu ya kimondo hiki, lakini Kiingereza chake ni kigumu kwa mtoto. Mwalimu ausome mwenyewe, kisha aandike ubaoni maneno yake mwenyewe, kwa mfano hivi:

"On 16 December 1938 a stone fell from the sky at Ivuna. It was black. It was not big. It was older than the hills around us. Today a large piece of it is in London."

Sentensi tano. Watoto wazisome pamoja, kisha wawili wawili. Mwalimu aulize "What fell?", "Where did it fall?", "When did it fall?". Hapo wamejifunza wakati uliopita kupitia jambo lililotokea kwenye ardhi yao. Kazi ya nyumbani: wamuulize babu au bibi jinsi chumvi ya Ivuna ilivyokuwa ikitengenezwa. Chumvi hiyo nayo ina historia. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichapisha mwaka 1968 utafiti wao unaoonesha kwamba watu walikuwa wakiipika hapa karne nyingi zilizopita. Mtoto aulize kwa lugha ya nyumbani, iwe Kinyamwanga, Kiwanda au Kisukuma, kesho alete sentensi tatu za Kiingereza.

Somo hilo lote limetumia data ya ukurasa mmoja. Hakuna kitabu cha London kitakachokuandalia somo kama hilo, na hakuna mtoto atakayesinzia.

Mambo ya kujihadhari

Kwanza, vyeti vya kununua. Wapo watu wanaotuma matangazo ya kozi za ualimu wa Kiingereza zenye cheti cha kimataifa kwa siku mbili, ulipe kwa simu. Kabla hujatuma hata shilingi, muulize afisa elimu kata au ofisi ya elimu ya wilaya kama cheti hicho kinatambuliwa. Vyanzo vyote tulivyovitaja kuvisoma ni bure.

Pili, viungo vya ovyo. Ujumbe wa WhatsApp unaosema bonyeza hapa upate bando la bure au vitabu vyote vya TET, usiubonyeze wala usiusambaze. Andika mwenyewe anwani ya tovuti kwenye simu.

Tatu, picha na majina ya wanafunzi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usimrekodi mtoto akisoma vibaya ukamtuma kwenye kundi ili watu wacheke. Mtoto aliyechekwa kwa Kiingereza chake hasemi tena.

Nne, programu za akili mnemba. Zinaweza kukutungia maswali kumi kwa dakika moja, na hilo ni msaada. Lakini hukosea kwa kujiamini, hasa juu ya mambo ya kwetu. Lolote litakalotoka huko lilinganishe na muhtasari na kamusi kabla ya kuliandika ubaoni.

Kwa mzazi

Huhitaji kujua Kiingereza ili umsaidie mtoto wako. Jioni mtoto akiomba simu, mpe dakika kumi afungue hadithi moja ya African Storybook, akusomee kwa sauti, kisha akueleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani imesema nini. Akishindwa kueleza, hakuelewa alichosoma. Mwambie arudie. Kwa njia hiyo wewe ndiye umekuwa mkaguzi wake.

Na kama kijijini kwenu kuna mwalimu mpya ambaye simu yake haina chaji, na wewe una sola, mkaribishe achaji. Somo la watoto wa kesho huenda limo ndani ya simu hiyo.

Pa kuanzia wiki hii

Mwalimu, usijaribu yote kwa pamoja, utachoka. Wiki hii fanya matatu tu. Pakua muhtasari wa darasa lako kutoka TET. Pakua taarifa moja ya uchambuzi wa majibu kutoka NECTA. Chagua hadithi moja ya African Storybook, yenye Kiswahili na Kiingereza, uinakili kwenye manila. Wiki ijayo ongeza dakika sita za kusikiliza kila siku.

Ukipata njia nyingine iliyokusaidia darasani, tuandikie kupitia ukurasa wetu. Tutaisoma hewani, ili mwalimu aliyeko ng'ambo ya bonde naye aisikie, hata kama siku hiyo simu yake haina bando.